Silaha ndani ya gari-nyumba: kusafiri nayo Marekani bila kugongana na sheria

Mtu aliyekulia nchi yenye sheria moja ya silaha kuanzia Mombasa hadi Lodwar huona kibali cha kubeba silaha alichopewa na sherifu wa Pennsylvania ni kama leseni ya udereva, kwamba akienda nacho popote kitamkinga. Hakimkingi. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha jimbo lake, alisimamishwa na polisi New Jersey kwa kosa dogo la barabarani. Alimwambia askari mwenyewe kwamba ana bastola. Kwa kuwa New Jersey haitambui kibali cha Pennsylvania, alishtakiwa kwa kosa linaloweza kumfunga miaka mitatu na nusu kabla ya kufikiriwa parole, yaani kuachiwa kwa masharti. Hatimaye gavana Chris Christie alimsamehe mwaka 2015. Hakuwa amefanya lolote zaidi ya kuvuka mto Delaware.

Kwa anayesafiri na RV, yaani gari-nyumba, mambo yanakuwa magumu zaidi, kwa sababu gari lenyewe lina sura mbili. Barabarani ni gari. Kambini, likiwa limeunganishwa maji, umeme na bomba la maji machafu, baadhi ya majimbo huliona kama nyumba ya mtu. Texas imeandika waziwazi kwenye sheria yake ya silaha kwamba RV inayotumika kwa kuishi, hata kwa muda mfupi, ni makazi. California, ambayo ni kali mno kwingineko, inaruhusu silaha yenye risasi kwenye makazi ya muda au eneo ulilopiga kambi, ilimradi silaha yenyewe ni halali kwako na hakuna kanuni ya mahali hapo inayokataza. Ila usijidanganye kwamba "nyumba" hiyo inahitaji hati ya mahakama ndipo ipekuliwe. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1985, katika kesi ya California v. Carney, kwamba gari-nyumba linaloweza kuondoka wakati wowote linapekuliwa kama gari lolote, polisi wakiwa na sababu ya msingi. Mahakama iliacha mlango wazi kwa lile lililopandishwa juu ya matofali au kuunganishwa na huduma. La kwako liko kwenye matairi, kwa hiyo lihesabu kuwa gari.

Kabla ya kisanduku na kufuli: wewe unaruhusiwa?

Kwa wasomaji wetu wengi hapa ndipo pa kusimama kwanza, na ndipo wengi wanaporuka.

Ukiwa raia au una grini kadi, sheria ya taifa haikuzuii kwa sababu ya uhamiaji. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi naye hayumo kwenye katazo hilo. Lakini aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya utalii, masomo, kubadilishana wataalamu au kazi, amekatazwa kumiliki silaha wala risasi, hata kuishika tu kwenye uwanja wa shabaha. Kuna mianya michache, na inayotumika zaidi ni kuwa na leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani na ambayo haijaisha muda. Binamu aliyekuja kutembea kutoka Arusha, akipanda RV yako na kulala kwenye kitanda chenye kisanduku cha bastola chini yake, asipewe ufunguo wala namba ya siri. Adhabu ya kuvunja katazo hilo inafika miaka 15 jela. Asiye na karatasi kabisa amekatazwa moja kwa moja. Mwenye hali ya katikati, kama vile anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi, aulize wakili wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote.

Mwenye grini kadi naye ana hatari yake, ambayo mwenzake raia hana. Sheria ya uhamiaji inasema mgeni aliyetiwa hatiani kwa kununua, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote anaweza kuondolewa nchini. Neno "yoyote" linajumuisha sheria ya jimbo. Kosa ambalo raia angelipa faini na kwenda zake, wewe linaweza kukupeleka mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo ushauri wa jirani wa kambini kwamba "hapa hawasumbui watu" haukufai. Yeye akikosea anarudi Ohio.

Bangi pia. Hata kama umeinunua dukani Colorado kwa risiti, sheria ya taifa bado inaihesabu haramu, na fomu namba 4473 unayojaza dukani unaponunua silaha inakuonya hivyo kwa maandishi. Bangi na bastola visipande gari moja.

Wale wanaoishi barabarani mwaka mzima wajue jambo moja kuhusu ununuzi: bastola hununuliwa katika jimbo unaloishi, na fomu hiyo haikubali sanduku la posta kama anwani ya makazi. Kukodi sanduku la barua jimbo fulani ili upate namba za gari kwa bei nafuu hakukufanyi mkazi machoni pa muuza silaha.

Kinga ya kupita njia, na mipaka yake

Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomlinda msafiri, kifungu namba 926A. Kwa ufupi: ukitoka mahali ambapo silaha yako ni halali kuimiliki na kuibeba, ukienda mahali ambapo pia ni halali, unaweza kupita katikati ya majimbo yanayoikataza, mradi silaha haina risasi, na silaha pamoja na risasi zake haziwezi kufikiwa kirahisi kutoka eneo la abiria. Gari lisilo na buti lililotengwa na dereva, silaha na risasi ziwe ndani ya chombo kilichofungwa kwa kufuli. Kisanduku cha dashibodi na kile cha katikati ya viti havihesabiki, hata vikiwa na kufuli.

Soma tena hayo mambo ukiwa na ramani ya gari lako kichwani. Pikapu linalovuta trela lina kazi rahisi: silaha ikae kwenye trela, iliyofungwa, wewe uko mbele kwenye gari jingine. Lakini gari-nyumba la kipande kimoja, lile la umbo la basi au lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva, halina buti. Abiria anaweza kuinuka na kutembea hadi chumbani nyuma wakati gari linakwenda. Hapo kufuli si jambo la hiari.

Kinga hii ina nyufa tatu. Ya kwanza ni kulala. Sheria inazungumzia kusafirisha, haisemi chochote kuhusu kupiga kambi siku mbili. Mwaka 2005 msafiri kutoka Utah alikwama Newark baada ya kukosa ndege ya kuunganisha, akachukua mizigo yake, bastola ikiwemo, akalala nayo hotelini. Asubuhi alipoitangaza kwenye kaunta ya ndege akakamatwa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema kifungu cha 926A hakikumlinda, kwa kuwa usiku ule mzigo ulikuwa mkononi mwake. Kusimama kujaza mafuta na kula ni sehemu ya safari ya kawaida. Kufungua viti na kuwasha jiko la mkaa ni habari nyingine. Ya pili ni kwamba New York na New Jersey huweza kukukamata kwanza, wewe ndiye ukajitetee kwa kifungu hicho mahakamani. Ya tatu ni magazini, yaani kibebeo cha risasi kinachochomekwa kwenye silaha. Kifungu kinataja silaha na risasi. Magazini ya risasi zaidi ya 10, ambayo New York, New Jersey, Connecticut, Massachusetts na California zinaikataza au kuibana, hakikuitaja. Njia za pwani ya mashariki chukua magazini za risasi 10 kushuka chini, hizo kubwa ziache nyumbani.

Kutoa risasi kwa namna inayokubalika kila jimbo

Neno "haina risasi" halina maana moja. California inahesabu silaha ina risasi iwapo risasi iko ndani ya chemba, yaani nafasi yake nyuma ya mtutu, au kwenye magazini iliyochomekwa. New York imekwenda mbali zaidi: silaha inahesabiwa kuwa na risasi ukiwa nayo pamoja na risasi zinazoifaa, hata zikiwa pembeni. Fuata kipimo cha aliye mkali.

Toa magazini kwanza, kisha vuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ili risasi iliyo chembani iruke. Ukianza kuvuta kabla ya kutoa magazini, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine, na hiyo ndiyo njia ya kawaida watu wanavyotoboa sakafu za magari yao. Ishikize ikiwa wazi, tazama chemba kwa macho, halafu ipapase kwa ncha ya kidole, hasa usiku. Chomeka kijiti cha plastiki cha rangi kali chembani ili yeyote akifungua kisanduku aone mara moja. Mwisho toa risasi zote kwenye magazini, moja moja, uzirudishe kwenye boksi lake. Hili la mwisho linachosha, na ndilo linaloachwa. Bunduki ya marisau yenye bomba la risasi chini ya mtutu ina ujanja wake: chemba ikiwa tupu, bombani bado kunaweza kuwa na nne. Hesabu zinazotoka.

Fanya haya yote ndani, pazia zimefungwa, mtutu umeelekea upande usio na mtu, tangi la gesi wala kitanda cha mtoto. Usiyafanye kwenye meza ya kambi. Familia ya pili ikikuona na bastola mkononi itapiga simu polisi, na itakuwa na haki.

Kisanduku kikae wapi

Magari-nyumba mengi yana vyumba vya mizigo chini ya sakafu vinavyofunguliwa kutoka nje pekee. Kwa sheria, hapo ni pazuri kuliko pote: abiria hawezi kufika bila kushuka. Kwa usalama, ni pabaya hadi ubadilishe kufuli. Miaka mingi watengenezaji wametumia ufunguo uleule, wenye maandishi CH751, kwenye milango ya mizigo ya chapa tofauti kabisa. Angalia ufunguo wako. Ukiona herufi hizo, jua jirani yako kambini ana wa kwako mfukoni. Kufuli mpya za kuzungusha zinauzwa kwa urefu tofauti wa shingo, kwa hiyo ng'oa moja ya zamani uende nayo dukani. Kupima kwa macho utarudi mara mbili.

Ndani ya chumba hicho weka kisanduku cha chuma, kisichokuwa cha plastiki wala begi la kitambaa lenye kufuli ndogo ya zipu. Kipitishie waya wa chuma uliosukwa ukizunguka boriti ya fremu ya gari. Chumba chenye betri au mitungi ya gesi kikwepe, kwani mvuke wa betri unakula chuma, na fundi wa gesi hatafurahi kukuta bunduki.

Ukipendelea ndani, chini ya kitanda cha nyuma ndipo penye nafasi. Sakafu ya RV mara nyingi ni mbao nyembamba mbili zenye povu katikati. Skrubu za mbao zinang'oka kwa mkono. Tumia bolti za inchi 3/8 zinazopita hadi chini, bamba la chuma upande wa pili kusambaza uzito, na nati zenye mpira ndani ili mtetemo usizilegeze. Kabla ya kutoboa lala chini ya gari kwa tochi: nyaya za volti 12 na mabomba ya plastiki ya maji yanapita humo, na matangi ya maji machafu yanapenda kukaa karibu na kitanda. Angalia pia njia ya ukuta unaoingia na kutoka kupanua chumba. Kisanduku kikikaa sentimita mbili ndani ya njia hiyo, mota itasukuma hadi kitu kivunjike. Baada ya maili mia tatu za kwanza kagua nati upya.

Risasi ziwe kwenye boksi jingine lenye kufuli yake, mbali na silaha. Silaha chumbani, risasi kwenye chumba cha mizigo, au kinyume chake. Joto la kiangazi Arizona halitazilipua, lakini miezi ya joto kali inaziharibu, kwa hiyo chagua upande wa kivuli.

Kutu ndiyo adui mkubwa kuliko mwizi. Watu wawili wakilala ndani ya boksi la mita nane na madirisha yamefungwa, huku jiko la gesi linachemsha chai, hewa inajaa unyevu, na chuma baridi kinauvuta. Sponji laini iliyobandikwa ndani ya mikoba ya bunduki inaushikilia unyevu huo kama godoro lililomwagiwa maji. Itoe, au usihifadhi bunduki humo kwa zaidi ya safari ya siku. Tia pakiti za silika, zibadilishe au zikaushe kila mwezi, na futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila unapohama kambi.

Kisanduku cha kielektroniki kikiisha betri saa nane usiku ni jiwe. Ufunguo wake wa akiba usikae ndani ya kisanduku hichohicho. Tumeyaona hayo.

Mfano wa njia: Lancaster hadi Portland

Lancaster, Pennsylvania ina Wakongo wengi, na Portland, Maine vilevile, basi safari hii si ya kufikirika. Ramani ya simu itakupitisha New Jersey na kando ya jiji la New York. Ikatae. Panda kaskazini hadi Scranton, shika barabara kuu ya I-84, vuka New York kupitia Port Jervis na Newburgh, kata Connecticut kupitia Danbury na Hartford hadi Sturbridge, Massachusetts. Hapo ingia I-90 kuelekea mashariki, kisha I-495 kaskazini, uingie New Hampshire kwa I-95 na kuvuka hadi Maine. Ni maili 500 na ushee, New Jersey hujaigusa.

Kati ya Port Jervis na mpaka wa New Hampshire kuna maili kama 270 za majimbo matatu makali. Hizo zipitwe mchana mmoja. Lala Pennsylvania, jaza tangi, toa risasi, funga visanduku viwili, ondoka alfajiri. Ukisimama, simama eneo la kupumzikia la barabara kuu, kunywa chai, endelea. Usipange kulala Connecticut kwa shemeji. Ukitaka kumsalimia, silaha ibaki nyumbani safari hiyo. Gari likiharibika, piga simu ya kuvutwa na weka ujumbe na risiti, maana ndizo zitakazoonyesha kwamba ulikuwa unapita.

New Hampshire na Maine zote zinaruhusu mtu mzima asiyekatazwa kubeba bila kibali. Maine ilianza Oktoba 2015, kwa wenye miaka 21 kwenda juu. Lakini Maine inakutaka umwambie askari mara moja unapokutana naye kikazi ukiwa umebeba bila kibali. Na ukienda mbuga ya taifa ya Acadia au mbuga za jimbo, kubeba kwa siri bado kunataka kibali kinachotambuliwa Maine.

Njia nyingine unazipanga vivyo hivyo: andika majimbo yote kwa mpangilio, fungua tovuti ya mwanasheria mkuu au polisi wa kila jimbo, andika mambo manne. Kibali changu kinatambuliwa? Ndani ya gari silaha iweje? Magazini mwisho risasi ngapi? Nalazimika kumwambia askari? Angalia wiki ya safari, kwani sheria hizi hubadilika Januari na Julai kwa wingi. Kibali cha asiye mkazi, kama kile cha Utah kinachopendwa na wasafiri, kinasaidia lakini kina tundu: Florida, Colorado na Michigan zinatambua kibali cha nje kikiwa tu kimetolewa na jimbo unaloishi.

Ukishaegesha

Tangu Februari 22, 2010 mbuga za taifa zinafuata sheria ya jimbo zilimo. Majengo ya serikali ndani yake, kama ofisi za kupokelea wageni, yamekatazwa. Kuna mbuga zenye mpaka wa jimbo ndani. Ukitoka Beatty, Nevada kwa barabara 374 kuteremka Death Valley, unaingia mbuga ukiwa bado Nevada, kisha unavuka mstari wa California katikati ya jangwa, bila kibanda wala askari. Bastola iliyokuwa halali kiunoni sasa inapaswa kuwa tupu na imefungiwa. Fanya kazi hiyo Beatty, palipo na kivuli.

Misitu ya taifa inafuata jimbo pia. Kupiga risasi ni marufuku ndani ya yadi 150 kutoka makazi, jengo, kambi au mahali penye watu, na kukatiza barabara au maji. Tahadhari na kambi nzuri za kando ya mabwawa zinazoendeshwa na kikosi cha wahandisi wa jeshi. Kwa nje zinafanana na kambi nyingine yoyote, lakini kanuni yao imekataza silaha yenye risasi kwa miaka mingi, isipokuwa kwa kuwinda panaporuhusiwa au kwa idhini ya maandishi. Ardhi za makabila ya asili zina sheria zao; piga simu polisi wa kabila kabla ya kuingia. Kambi ya mtu binafsi, mwenyewe ndiye msemaji.

Posta ni mtego wa wanaoishi barabarani, kwa sababu wengi huchukua barua zao humo. Kanuni ya posta inakataza silaha kwenye eneo lake lote, maegesho yakiwemo. Egesha mtaani, tembea.

Shule ni mtego mwingine, na huu hauonekani. Sheria ya taifa inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za eneo la shule. Umesamehewa ukiwa na kibali cha jimbo hilohilo lenye shule, au silaha ikiwa haina risasi ndani ya chombo kilichofungwa. Kwa hiyo jimbo linaloruhusu kubeba bila kibali halikuokoi unapopita mbele ya shule ukiwa na bastola kiunoni. Hakuna mji unaoweza kuupita usiguse futi hizo.

Askari akikusimamisha

Zima injini, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani. Usinyanyuke kwenda nyuma kutafuta karatasi. Nyaraka zikae mbele, mbali na silaha. Michigan na North Carolina zinamtaka mwenye kibali aliyebeba ajitaje mwenyewe. Pale usipolazimika na silaha imefungiwa nyuma, si lazima kuanzisha mazungumzo hayo, lakini ukiulizwa usidanganye. Ukisema kwa Kiingereza, neno "gun" lisiwe la kwanza kutoka mdomoni. Anza na kibali chako, kisha taja silaha iko wapi, kisha uliza anataka ufanyeje. Akiomba kupekua unaweza kukataa kwa upole, kwa sauti ya kawaida. Akipekua hata hivyo, usimzuie kwa mkono.

Kanada na Meksiko

Barabara ya Alaska inaanzia Dawson Creek, British Columbia, hivyo anayekwenda Alaska kwa gurudumu anapita Kanada. Bastola isahau: tangu Oktoba 21, 2022 Kanada imefunga mlango wa bastola. Bunduki ndefu ya kawaida ya kuwindia au ya marisau inaingia kwa fomu ya tamko la asiye mkazi, nakala tatu, unazozijaza nyumbani lakini hutii sahihi hadi mbele ya ofisa wa forodha. Tamko linadumu siku 60. Ukiulizwa sababu, kujikinga na wanyama porini au kuwinda ni majibu yanayokubalika. Kujikinga na binadamu si sababu. Bunduki za nusu otomatiki za risasi kubwa zina kikomo cha risasi 5 kwenye magazini, na AR-15 ilipigwa marufuku Mei 2020. Dawa ya kupulizia dubu yenye lebo ya wanyama inapita, ile ya kupulizia watu haipiti. Kabla ya kutoka Marekani pita forodha ya Marekani na bunduki yako ujaziwe fomu 4457 yenye namba yake, ili ukirudi usiulizwe umeitoa wapi.

Anayeitaka bastola yake Alaska amuulize kwanza muuza silaha mwenye leseni wa nyumbani kwake kama inaweza kutumwa huko, na kwa njia gani.

Meksiko jibu ni hapana. Bila kibali cha jeshi lao, kilichoombwa mapema kupitia ubalozi mdogo, hata risasi moja ni kosa. Mwaka 2014 mwanajeshi wa zamani wa Marekani aliyesema amekosea njia aliingia Tijuana na bunduki tatu ndani ya pikapu, akakaa kizuizini miezi saba. Kama unaelekea Baja, acha silaha kwenye hifadhi upande wa Marekani, halafu pekua gari kama vile wewe ndiye askari wa mpaka. Vua godoro. Geuza mifuko ya koti la kuwindia. Pitisha kidole kwenye mfereji wa ukuta unaoingia na kutoka, chini ya zulia la dereva, ndani ya boksi la uvuvi na kwenye kikombe kile cha sarafu karibu na usukani. Risasi ya .22 ni ndogo kuliko kifuniko cha kalamu, na hujificha humo humo.